Filamu za mabwana wa pesa zinamficha anayelipa

MAKOBOLA. – Giza likiingia, kando ya barabara ya kitaifa namba 5, jenereta inanguruma na vijana wanabanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni. Asiye na franga za kuingia ana filamu hiyo hiyo kwenye memori ya simu, aliyopakiwa pale anapochajisha betri. Mara nyingi ni filamu ya vita au ya karate. Lakini kuna aina nyingine iliyopata wapenzi kwenye pwani hii: filamu za mabwana wa pesa, wale wa suti na tai wanaopiga kelele kwenye simu mbili kwa mara moja, wanaopata mamilioni kabla ya saa sita mchana na kuyamwaga usiku. Kesho yake, chini ya mwembe, mabishano ni yale yale: hivi kweli pesa kubwa iko namna hii?

Jibu lisizungushwe. Ofisi ni za kweli, suti ni za kweli, hata mahesabu mara nyingine ni ya kweli. Uongo uko pale filamu inapoishia. Inaishia ofisini, pamoja na mwerevu aliyeshinda au mwerevu aliyekamatwa. Anayelipa deni haonekani. Na yule anayelipa, mara nyingi, anaishi mbali sana na ofisi ile. Wakati mwingine anaishi huku huku Kivu ya Kusini.

Mbwa mwitu na wale ambao hawana sura

Filamu inayojulikana kuliko zote za aina hiyo ni The Wolf of Wall Street ya mwaka 2013, kazi ya Martin Scorsese. Leonardo DiCaprio anacheza nafasi ya Jordan Belfort, ambaye ni mtu wa kweli. Kampuni yake, Stratton Oakmont, iliuza kwa simu hisa za bei ndogo, yaani vipande vya umiliki wa makampuni ambayo mengi hayakuwa na thamani. Bei ilipandishwa kwa maneno matamu, wakubwa wa kampuni wakauza vipande vyao, kisha bei ikaanguka na mnunuzi akabaki na karatasi. Hata jina la filamu linapotosha: ofisi hizo hazikuwa Wall Street, zilikuwa Long Island, nje ya kitovu cha New York. Mwaka 2003 Belfort alihukumiwa kifungo cha miaka 4 na akakaa ndani karibu miezi 22. Mahakama iliamuru walioibiwa warudishiwe dola milioni 110.

Filamu inachukua saa 3. Katika saa hizo 3 mtazamaji anaonyeshwa boti, helikopta, madawa ya kulevya na wanawake. Walioibiwa ni sauti tu kwenye simu. Hawana sura, hawana nyumba, hawana watoto wanaofukuzwa shule. Kijana anayetoka hapo amejifunza kumhurumia nani? Amejifunza kumtamani mwizi.

Kenya iliipiga filamu hiyo marufuku Januari 2014. Bodi ya kuainisha filamu ilitaja uchi, ngono, ulevi na matusi. Hayo yamo kweli. Lakini katika sababu hizo wizi haukuhesabiwa. Mzazi wa Nairobi alikingwa dhidi ya miili ya watu, hakukingwa dhidi ya fundisho kwamba mjinga ni yule anayefanya kazi na mwenye akili ni yule anayemla.

Na kuna jambo ambalo lingefaa kuandikwa mwanzoni mwa filamu hiyo kwa herufi kubwa. Kampuni iliyoitengeneza, Red Granite Pictures, ilianzishwa kwa ushirikiano na Riza Aziz, mwana wa kambo wa Najib Razak aliyekuwa waziri mkuu wa Malaysia. Wizara ya sheria ya Marekani ilidai mahakamani kwamba pesa za kampuni hiyo zilichotwa kutoka 1MDB, mfuko wa maendeleo wa serikali ya Malaysia. Mwaka 2018 Red Granite ilikubali kulipa dola milioni 60 ili kesi iishe, bila kukiri kosa. Watazamaji wa dunia nzima waliangalia wizi wa Belfort mbele ya kamera, na kumbe kesi kubwa zaidi ilikuwa nyuma ya kamera. Ile haikuwa na helikopta. Ilikuwa na akaunti, sahihi na uhamisho wa pesa kutoka benki hii kwenda benki ile. Pesa kubwa ya kweli hutembea kimya namna hiyo.

Supu ya samaki wa juzi

Haki itendeke: kuna filamu zilizo karibu zaidi na ukweli. Margin Call ya mwaka 2011, ya J. C. Chandor, inaonyesha benki moja inayogundua usiku kwamba mali iliyo nayo haina thamani. Asubuhi wakubwa wanaamuru wafanyakazi waiuze yote kwa wateja wao wenyewe kabla habari haijatoka. Kelele ni chache, watu wamechoka, wanaogopa, wanaongea polepole. Ndivyo mambo hayo yanavyofanyika.

Nyingine ni The Big Short ya mwaka 2015, ya Adam McKay, inayoeleza anguko la mwaka 2008. Mabenki ya Marekani yalikopesha watu pesa za nyumba bila kuangalia kama wataweza kulipa. Madeni hayo yakafungwa pamoja mafungu mafungu, mabaya kwa mazuri, yakapewa alama ya ubora na kuuzwa dunia nzima. Ili mtazamaji aelewe, mpishi Anthony Bourdain anaonekana jikoni akieleza kwamba samaki aliyebaki bila kununuliwa hatupwi: anakatwakatwa, anaingia kwenye supu, na mteja anaambiwa ni chakula kipya.

Mama wauzaji wa ndagala hawahitaji mpishi wa Marekani kuwafundisha hayo. Gunia lenye ndagala nzuri juu na zilizooza chini wanalijua tangu zamani. Tofauti ni kwamba sokoni anayefanya hivyo anajulikana kesho yake, na wateja wanamkimbia. Kule Marekani, Lehman Brothers, benki yenye mali ya zaidi ya dola bilioni 600 kwenye vitabu vyake, ilianguka tarehe 15 Septemba 2008. Kisha mwanzoni mwa Oktoba Bunge likaruhusu hadi dola bilioni 700 za umma zitumike kuokoa mabenki. Aliyeuza supu ya samaki wa juzi alilipiwa na waliokula.

Filamu inayasema hayo kwa ujasiri, na mwisho wake inakasirika. Lakini nayo inafika mahali inasimama. Maandishi yanapita kwenye kioo, watu wanainuka, jenereta inazimwa. Kwa mtu wa Kivu, hapo ndipo hadithi yake inapoanza.

Kifungu namba 1502

Deni la nyumba za Marekani lilifikaje hadi kwenye sufuria ya Makobola? Lilipita njia mbili.

Njia ya kwanza ni bei. Viwanda vya dunia viliposimama, bei ya shaba na kobalti ilianguka, machimbo ya Katanga yakafungwa, na dola zikapungua nchini. Mwanzoni mwa 2008 dola 1 ilikuwa chini ya franga 600. Mwishoni mwa 2009 ilikuwa karibu franga 900. Mvuvi anayeuza kwa franga na kununua nyavu, mota na mafuta kwa bei ya dola hakuhitaji kusoma gazeti la uchumi. Alihesabu ndoo alizouza, akaona hazitoshi tena.

Njia ya pili ni sheria, na hii ndiyo isiyojulikana na wengi. Ili maafa yale yasirudi, Marekani ilitunga sheria kubwa ya mabenki iitwayo Dodd-Frank. Rais Barack Obama aliitia sahihi tarehe 21 Julai 2010. Ndani ya mamia ya kurasa zake, zilizoandikwa kwa sababu ya mabenki na nyumba za Wamarekani, kuna kifungu namba 1502. Kifungu hicho hakisemi neno juu ya nyumba. Kinasema juu ya Kongo. Kinataka makampuni yaliyo chini ya soko la hisa la Marekani yatangaze kama bati, koltani, wolframu na dhahabu iliyomo kwenye bidhaa zao imetoka Kongo au nchi jirani, na kama imewapa pesa watu wenye silaha.

Nia ilikuwa nzuri. Hakuna mtu wa pwani hii anayehitaji kuelezwa ubaya wa watu wenye silaha. Lakini Septemba 2010 rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji na biashara ya madini katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Marufuku iliondolewa Machi 2011. Mara tu baada ya hapo, Aprili 2011, wanunuzi wakubwa wa viwanda vya elektroniki wakaanza kukataa madini yasiyo na uthibitisho, wakati machimbo ya Kivu karibu yote hayakuwa na mfumo wa kutia alama kwenye magunia. Nyabibwe, katika teritware ya Kalehe, ilingoja hadi mwishoni mwa 2012 ndipo alama zikaanza.

Mtu afuate mnyororo huo kwa kidole. Mchimbaji asiye na mnunuzi hanunui chakula. Asiponunua, lori la ndagala linarudi na magunia yake, au linauza kwa hasara. Dereva hapati safari. Mama aliyechukua Banki Lambert, ule mkopo wa mtaani wenye riba nzito, anarudisha riba bila kugusa deni. Mtoto anafukuzwa shule kwa sababu ya minervali. Na wenye silaha je? Wengine waligeukia dhahabu, ambayo haihitaji lori wala gunia, inaingia mfukoni. Mtu wa Fizi anayejua Misisi anajua jinsi dhahabu inavyotembea.

Wapo wanaosema kifungu hicho kilipunguza pesa za makundi yenye silaha kwenye bati na koltani, na hoja yao ina uzito. Wabishane na wachimbaji, ni sawa. Ubaya ni kwamba uamuzi ulipitishwa bila mchimbaji kukaa mezani, na filamu ya anguko hilo ikatengenezwa bila mchimbaji kuwamo. Mwaka ule ule wa 2015, Seth Chase alitoa filamu ya ukweli iitwayo We Will Win Peace, ambamo watu wa mashariki mwa Kongo wanaeleza jinsi maisha yao yalivyobadilishwa na kampeni ya madini ya damu. The Big Short ilipata tuzo ya Oscar na ikazunguka dunia. Ile nyingine, ni wangapi wa pwani hii waliowahi kuisikia kwa jina?

Dhahabu ya Luhwinja, soko la Toronto

Anayedhani hayo ni ya Wamarekani peke yao akumbuke Banro. Kampuni hiyo ya Kanada ilikuwa na hisa kwenye soko la Toronto na mgodi wa dhahabu Twangiza, huko Luhwinja, ndani ya Kivu ya Kusini, na mwingine Namoya, Maniema. Watu walihamishwa kutoka kwenye mlima wao na kupelekwa Cinjira. Desemba 2017 kampuni ilizidiwa na madeni, ikaomba ulinzi dhidi ya wadai wake. Iliomba kwa hakimu gani? Wa Ontario, Kanada. Wenye hisa, wenye mikopo na wanasheria wao walikuwa na mahali pa kukaa na kusikilizwa. Mama wa Cinjira hakuwa na kiti katika chumba kile.

Hayo ndiyo mambo makubwa ya pesa: mlima uko Luhwinja, bei iko Toronto, hakimu yuko Ontario, vumbi liko Cinjira. Filamu inayoonyesha Toronto peke yake imeonyesha robo ya jambo.

“Ni filamu tu”

Kuna wanaojibu kwamba filamu ni burudani, mtu amelipa acheke na asahau vita kwa saa mbili. Familia iliyolala kanisani au kwenye nyumba ya wenyeji, watu 15 chumba kimoja, ina haki ya kucheka kuliko yeyote. Hilo halikatazwi. Lakini filamu inafundisha hata isipotaka. Anayeangalia mabwana wa pesa miaka kumi anajifunza mambo matatu: kwamba pesa inazaliwa na maneno, kwamba haraka ni akili, na kwamba aliyepoteza alikuwa mjinga.

Mafundisho hayo yana gharama. Ujumbe unaingia kwenye WhatsApp: weka dola 20 leo, baada ya siku 10 utapata 60, lete na rafiki zako. Picha ni ya kijana mwenye suti, nyuma yake majengo ya vioo. Anayeituma hajabuni kitu, ameazima filamu. Na anayetumiwa ni nani? Ni kijana aliyekimbia na dola za mwisho za familia, asiye na kazi, mwenye haraka ya haki kabisa.

Wazee wa nchi hii waliyaona hayo bila WhatsApp. Mwaka 1991, Kinshasa, Bindo Promotion iliahidi kuzidisha pesa za watu mara nyingi ndani ya majuma machache. Watu waliuza vitu vya nyumbani wakajipanga mstari. Wa kwanza walilipwa kwa pesa za waliokuja nyuma yao, na hiyo ndiyo iliyowavuta wengine. Kisha mstari ukakatika. Aliyekuwa mwisho hakuwa mjinga kuliko wa mbele; alichelewa kufika tu.

Na pesa kubwa ilijionyesha tena hivi karibuni, bila suti. Goma ilipochukuliwa na M23 mwishoni mwa Januari 2025, kisha Bukavu katikati ya Februari, mabenki yalifunga milango. Mwalimu ambaye mshahara wake unapitia benki alikuwa na pesa kwenye karatasi na njaa nyumbani. Waliobaki na noti mkononi wakawa wafalme, na kutoa pesa za simu kukawa kwa kukatwa. Desemba 2025 vita vikaingia Uvira yenyewe, familia zikavuka Burundi au zikashuka na barabara ya ziwa, wengine na noti za dola zilizokunjwa ndani ya kitenge, ambazo kambisti alizikataa kwa sababu ya tundu dogo. Hiyo nayo ni hadithi ya benki, na mashujaa wake hawajui Wall Street iko upande gani.

Ua la Bamako na sanduku la kufuli tatu

Filamu ya namna nyingine inawezekana, na Mwafrika amekwisha kuionyesha. Mwaka 2006 Abderrahmane Sissako alitengeneza Bamako. Ndani ya ua la nyumba ya kawaida katika mji mkuu wa Mali, mahakama inakaa, na washtakiwa ni Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa. Mashahidi wanasema juu ya madeni, huku wanawake wakitia rangi vitambaa, mgonjwa akiwa amelala chumbani, watoto wakipita. Hakuna helikopta. Lakini wanaolipa wamekaa mbele, na wenye pesa ndio wanaosubiri zamu yao ya kujibu. Mtu anaweza kubishana na hukumu. Hawezi kusema kwamba mlipaji amefichwa.

Kamera ziko mashariki mwa Kongo, na vijana wa kuzishika wapo; kituo cha Yole!Africa cha Goma kimefundisha wengi. Hadithi nazo ziko hapa. Kuna sanduku la AVEC lenye kufuli tatu, na ufunguo mmoja mmoja kwa mama watatu, ili asiwepo wa kulifungua peke yake. Kila juma hisa zinanunuliwa na mhuri unapigwa kwenye kijitabu. Mkopo unatolewa mbele ya macho ya wote, na anayeshindwa kulipa anaulizwa mbele ya wote. Ni benki kamili: ina hisa, ina riba, ina deni, ina kanuni. Siku risasi zinapolia, mama wa ufunguo wa kwanza anakimbilia Gatumba, wa pili Mboko, wa tatu hajulikani aliko, na sanduku limebaki chini ya kitanda cha mtu. Nani anadaiwa na nani? Mkopo wa mtu aliyekufa unalipwa na nani? Kama kuna maswali magumu zaidi ya pesa kuliko hayo, filamu za New York hazijayaleta.

Mpaka filamu hiyo itengenezwe, vijana waendelee kujipanga kwenye mabenchi, na mama zao wasiwazuie. Ila taa zikirudi, kabla mjadala wa magari na saa za dhahabu haujaanza, mmoja aulize kwa sauti: katika saa hizi zote, aliyelipa alikuwa nani, na mbona hatukumwona? Na ujumbe wa dola 20 kwa 60 ukiingia kwenye simu, swali ni hilo hilo, liulizwe kabla ya kutuma hata franga moja.